Kumi na Tisa

Mimi ndiye niliyekuwa mwandika pointi
uwanja wa kikapu wa Katindo, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi
tuliouwekea kipande cha jiwe la volkano.
Kalamu, filimbi ya akiba, daftari la miraba.
Mpira ukiingia, naweka kistari. Basi.
Sikuwahi kudhani kistari kina bei.

Kasereka alifunga kumi na tisa siku ile.
Naandika tena nisijidanganye: kumi na tisa,
na mitupo miwili ya adhabu iligonga chuma.
Karatasi iliyovuka bahari ilisema thelathini na moja.

Mkubwa Olenga alikuja na shati jeupe
ambalo vumbi letu jeusi liliogopa kuligusa.
Alimpima kijana kwa futi ya fundi cherehani,
mikono kwanza, kisha nyayo,
kisha akamwambia afungue kinywa.
Masisi nimeona ng'ombe wakitazamwa hivyo mnadani,
lakini ng'ombe haambiwi aseme asante.

Kocha Zihindula alipata elfu tatu.
Chuo cha huko (jina lake ni herufi tupu, kama la dawa)
kilikuwa na mtu wa kulipa, na mtu huyo alikuwa na mtu,
na mtu wa mtu ndiye Olenga.
Karani wa komini alipata mia mbili, akafuta mwaka,
akaipuliza karatasi kama anayepoza chai.
Kasereka akawa na miaka kumi na saba.
Kakule, aliyemfuata tumboni,
ana ishirini kwenye kadi ya kura.
Kwetu jina ndilo hesabu:
Kasereka hutangulia, Kakule hufuata.
Lakini nani kule Amerika
anajua kuhesabu kwa majina yetu?

Mama Kavugho aliahidiwa nyumba mpya ya mbao, yenye mabati ya rangi.
Alipewa gunia la mchele
na simu iliyopasuka kioo pembeni.

Mimi nilipata hamsini.
Niliigeuza noti juani kama wabadilisha pesa wa Birere:
hakuna tundu, hakuna mkunjo uliokatika.
Maana dola iliyochanika, hata upana wa ukucha,
hapa Goma hainunui sambaza wa kisahani.
Nilinunua viatu.
Sitasema mengi juu ya viatu.

Miezi kumi na minne.
Goti lilichanika huko, mazoezini, si hata mchezoni.
Wakamgeuza juani, wakamtazama,
wakamrudisha kwa mkono uliomleta.
Olenga naye hapokei noti iliyochanika.
Simu yake ikaita, ikaita, kisha ikasema namba haipo.

Sasa jioni Kasereka hukaa juu ya chukudu ya Kakule,
mguu mmoja umenyooka mbele kama ubao wa kuuzwa.
Watoto wakikosea, mpira humfikia,
naye huutupa palepale alipokaa, bila kuinuka,
na unaingia.
Hizo haziandikwi popote.
Kocha ana gari la pili. Lina matope kama magari yote.

Jana alijikongoja hadi mezani kwangu.
Nilidhani anataka pesa; nilishatayarisha uongo,
wa mtoto mgonjwa, wa kodi ya nyumba.
"Mwandishi," akasema, "siku ile. Nilifunga ngapi?"

Wavulana walikuwa wanabishana kuhusu faulo.
Moshi wa mlima ulikuwa umelala upande wa Rwanda.
Nikafungua daftari, ingawa sikulihitaji.

"Kumi na tisa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
"Najua. Nilikuwa nahesabu."
Akageuka aende, akasimama.
"Kule kila siku walinidai
zile kumi na mbili."

Nikatazama chini.
Viatu bado vizima.